Kompyuta Isiyoshika: Namna ya Kufundisha Utafutaji wa Kasoro

Miongoni mwa malalamiko ambayo walimu-wanafunzi hutuletea warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, limo moja linalorudi karibu kwa maneno yale yale kila mwaka: kompyuta ya shule "haishiki". Mwalimu ameweka tarehe, ameongeza ukubwa wa maandishi ili watoto waketio nyuma waweze kusoma, amepunguza sauti, ameondoa picha isiyofaa iliyokuwa nyuma ya skrini. Kesho yake mashine ikiwashwa, yote aliyoyafanya yametoweka, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Anarekebisha tena. Siku ya tatu anarekebisha mara ya tatu. Siku ya nne hakuna anayeiwasha, na baada ya mwezi mmoja mashine imefunikwa kitambaa cha kudarizi na kuwekewa chombo cha maua juu yake.

Sisi tunaofundisha TEHAMA katika chuo cha ualimu tumekwisha kuona mashine nyingi za namna hii, na twaweza kusema pasipo kusita kwamba zilizokuwa mbovu kweli ni chache mno. Jambo hili si dogo kwa mwalimu wa shule ya msingi. Fundi yuko mjini, nauli yake ni kubwa, na afikapo mara nyingi hupiga windo, yaani hufuta kila kitu na kuweka programu zote upya, kisha akaondoka na malipo yake huku chanzo cha kasoro kikibaki palepale. Ni mwalimu, basi, apaswaye kujua la kufanya kabla fundi hajaitwa. Tena aweza kulifanya mbele ya watoto, likawa somo.

Neno hilo "haishiki" ndilo hilo hilo walimu hulitumia kwa mtoto: "Huyu hashiki." Hatusemi kwamba mtoto ni mashine. Twasema tu kwamba neno hilo, popote litumiwapo, hufunga mlango wa uchunguzi, kwa kuwa linataja matokeo kana kwamba ni sababu. Hivyo tumekuwa na desturi ya kulikataa darasani. Mwanachuo asemapo kwamba mashine haishiki, humwomba aeleze: haishiki nini, tangu lini, na baada ya tendo gani?

Kabla ya kujibu, yafaa kueleza kompyuta huweka wapi mambo yake. Kwa watoto mfano wa ubao na daftari watosha. Kompyuta inayo kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama ubao: hapo mambo huandikwa upesi, hutumiwa, na umeme ukikatika hufutika yote. Inayo pia diski, ambayo ni kama daftari: kilichoandikwa humo hukaa hata mashine ikilala mwaka mzima kabatini. Mwalimu akibadili ukubwa wa maandishi, badiliko hilo huonekana papo hapo kwa sababu limo ubaoni. Lakini ili lionekane kesho, hapana budi mtu, yaani programu, alinakili katika daftari. Na ipo sehemu ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: saa ndogo ndani ya mashine, inayolindwa na betri yake yenyewe, ambayo huendelea kuhesabu hata mashine inapokuwa imezimwa.

Kutokana na hayo, badiliko lililotoweka laweza kuwa limepatwa na mojawapo ya mambo matatu. Huenda halikunakiliwa kamwe. Huenda lilinakiliwa, lakini katika daftari la mtu mwingine. Au lilinakiliwa vizuri, kisha likafutwa. Mambo haya yote, kwa macho ya aliyeketi mbele ya skrini, yanafanana kabisa, na ndiyo maana kubahatisha hakufai.

Tuchukue kisa kimoja. Katika shule moja ya msingi walikopelekwa wanachuo wetu, kompyuta ya ofisini ilikataa kufungua ukurasa wa usajili wa watahiniwa wa darasa la saba, nazo zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya usajili kufungwa. Kila ulipofunguliwa, onyo lilitokea kwamba ukurasa huo si salama. Mwalimu mkuu alikwisha kuandaa barua ya kuomba kompyuta nyingine, na alikuwa akifikiria kumtuma mwalimu mjini na orodha ya watoto mkononi. Mwanachuo mmoja aliangalia pembe ya chini ya skrini, akaona kwamba kwa mashine hiyo siku ile ilikuwa 1 Januari 2009. Aliweka tarehe sahihi, na ukurasa ukafunguka. Sababu yake si ya ajabu. Kurasa zinazolindwa huja na cheti chenye tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini kwamba mwaka ni 2009 hukiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza kutumika, hivyo hukikataa, na kwa kadiri ya ijuavyo, haikosei.

Asubuhi ya pili tarehe ilikuwa imerudi mwaka 2009. Hapo ndipo wanachuo wale walipofanya jambo tunalotaka kila mwalimu-mwanafunzi alijue kwa vitendo. Waliweka tarehe sahihi, kisha wakafanya majaribio matatu, moja baada ya jingine. Kwanza waliamuru mashine ijizime na kujiwasha yenyewe, tarehe ilikaa. Pili waliizima kabisa lakini wakaacha plagi katika soketi na swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, wakangoja saa nzima, tarehe ilikaa. Tatu waliizima na kuchomoa plagi, wakaenda kula chakula cha mchana. Waliporudi, tarehe ilikuwa imepotea.

Majaribio hayo matatu yanatofautiana kwa jambo moja tu, nalo ndilo lililotoa jibu. Mashine ya mezani iliyochomekwa katika umeme, hata ikiwa imezimwa, huendelea kupokea umeme kidogo, na umeme huo huitunza saa. Plagi ichomolewapo, saa hutegemea betri yake peke yake. Betri ikiwa imekwisha, saa husimama na tarehe hurudi mwanzo. Katika shule ile walikuwa na desturi njema ya kuchomoa kila kitu jioni kwa kuogopa radi, kwa hiyo kasoro ilionekana kila asubuhi. Laiti plagi ingeachwa, huenda wangeigundua siku ambayo LUKU imekwisha, au waliporudi kutoka likizo, wakadhani ni kasoro mpya. Twaongeza kwamba mashine iliyounganishwa na mtandao mara nyingi hujirekebishia saa yenyewe baada ya muda, na hivyo huuficha ugonjwa huu kwa miezi mingi.

Betri yenyewe ni ya duara, mfano wa sarafu, na juu yake huwa pameandikwa CR2032. Tarakimu hizo si za mapambo: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene wake, yaani milimita 3.2. Wape watoto wa darasa la sita rula na betri iliyokwisha, wapime kipenyo wenyewe, kisha waambie walinganishe na maandishi. Nguvu yake ni volti 3, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya kompyuta ambayo mwalimu mkuu alitaka kuiomba.

Hapa twaomba msomaji avumilie tukichepuka kidogo, kwa sababu historia ya betri hii ina mafunzo mengi ya hesabu. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 haikuwa na saa ya namna hii. Mipangilio yake ya msingi iliwekwa kwa swichi ndogo ndogo zilizokuwa juu ya ubao mkuu wa ndani, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi. Aliyetaka kubadili kitu alifungua kasha na kusukuma swichi kwa ncha ya kalamu. Mashine ile haikuweza kusahau mipangilio hiyo, kama vile kitasa kisivyoweza kusahau kuwa kimefungwa. Lakini siku na saa ilikuwa haizijui, na kila ilipowashwa ilimwomba mtumiaji aziandike. Asiyeziandika aliachiwa tarehe ya 1 Januari 1980. Mwaka 1984 ilitolewa kompyuta ya IBM iliyoitwa PC/AT, yenye saa na kumbukumbu ndogo iliyotunzwa kwa betri. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na nafasi ya baiti 64 tu, yaani kiasi cha herufi 64, na katika hizo 14 zilikuwa za kuendeshea saa na kalenda. Zilizobaki 50 ndizo zilizobeba kila kitu ambacho mashine ilihitaji kukijua juu yake yenyewe wakati wa kuamka. Katika mashine nyingi za siku hizi mipangilio ya msingi huwekwa katika chombo kisichohitaji umeme ili kukumbuka, hata betri ikifa ni saa tu inayopotea. Katika za zamani hupotea vyote viwili, na mashine yaweza hata kushindwa kuitambua diski yake.

Saa hiyo huongozwa na kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sawa na kile kilichomo katika saa nyingi za ukutani. Kwa nini 32,768? Waache watoto wagawanye kwa 2: 16,384, 8,192, 4,096, waendelee hivyo mara 15, watafika 1. Ndivyo mashine ifanyavyo: hugawa kwa nusu mara 15, ikapata mpigo mmoja kila sekunde. Tumewahi kuona darasa zima likishangilia lilipofika 1, na tulifurahi pamoja nao.

Kuibadili betri ni kazi ya dakika chache kwa mwenye bisibisi. Plagi ichomolewe kwanza, kasha lifunguliwe, upande wenye alama ya kujumlisha uangaliwe kabla betri haijatolewa, ili mpya iwekwe vivyo hivyo, kisha tarehe iwekwe. Lakini hapa tuna onyo ambalo hatutachoka kulirudia. Betri ya sarafu isiachwe mezani wala kutupwa katika pipa la darasani. Mtoto mdogo akiimeza, yaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama betri hiyo haina tena nguvu ya kuendesha saa. Ikitokea, mtoto asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Betri kuukuu izungushiwe utepe wa gundi pande zote na kukabidhiwa kwa mwalimu mkuu. Darasa la kwanza na la pili wasipewe kabisa kushika.

Si kila kusahau ni kwa betri. Tarehe ikikaa vizuri huku mambo mengine yakipotea, betri haihusiki, na anayeinunua anatupa fedha. Hapo twawaagiza wanachuo wafanye jaribio jingine rahisi: pamoja na kubadili mpangilio mmoja, waandike faili fupi, waliite kwa jina la siku hiyo, waliache juu ya skrini ya mwanzo, kisha waiwashe mashine upya. Ikiwa faili limebaki na mpangilio umepotea, kasoro iko katika mpangilio huo peke yake. Ikiwa vyote viwili vimetoweka, kuna kitu kinachofuta, au kilichoandikwa kiliandikwa mahali pa muda.

Maabara nyingi za kompyuta zimewekewa kwa makusudi programu inayoirudisha diski katika hali yake ya kwanza kila mashine iwashwapo. Fundi aliyeiweka alikuwa na nia nzuri: virusi vya jana visionekane leo, na mwanafunzi mtundu asiharibu kazi ya wenzake. Ubaya ni pale asipomwambia mtu. Tumemwona mwanachuo akiandaa maandalio ya masomo ya juma zima, akayahifadhi kwa uangalifu wote, na kesho yake asipate hata herufi moja. Alilia, wala hatukumlaumu, maana yeye alitimiza kila alichofundishwa. Mashine ile ilikuwa nzima kabisa, tena ilikuwa ikitii amri. Ila amri ilitolewa na mtu asiyekuwapo. Katika maabara ya namna hiyo huulizwa ni sehemu gani ya diski imeachwa wazi kwa kazi za watu, na jibu libandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Sisi twaona kwamba kufunga programu hiyo bila kubandika tangazo ni utovu wa adabu kwa watumiaji.

Ndugu ya kasoro hii ni akaunti ya mgeni, ambayo hufutwa mtu atokapo, na akaunti ya muda, ambayo Windows humpa mtumiaji pale inaposhindwa kulisoma daftari lake halisi. Mara nyingi onyo hutokea mwanzoni, nalo hufungwa haraka na mwenye haraka. Iko pia mashine iwashwayo kwa diski mwako, yaani flashi, ikiendeshwa kutoka humo bila kutengewa nafasi ya kuandikia: kila kitu hukaa ubaoni, na umeme ukizimwa ubao umefutwa.

Na hatimaye uko uzimaji wenyewe. Zipo programu ambazo hunakili mipangilio yake pale tu zinapofungwa kwa utaratibu. Mwalimu aliyezoea kubonyeza swichi ya ukutani mara kengele ya mwisho ilipopigwa hulikatiza tendo hilo kila siku, kisha kila siku hushangaa. Aidha, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima na kuanzisha upya si kitu kimoja. Katika mashine nyingi amri ya kuzima huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo katika diski ili uwashaji ufuatao uwe wa haraka, ilhali amri ya kuanzisha upya huuanza mfumo tangu mwanzo. Kwa hiyo anayejaribu kasoro aandike alitumia amri ipi. Tumeona wanachuo wawili wakibishana kutwa nzima juu ya mashine moja, kila mmoja akisema kweli, kwa kuwa mmoja alizima na mwenziwe alianzisha upya.

Sasa, haya yafundishwe vipi pale shule ina kompyuta moja na darasa lina watoto sitini? Njia tunayoipendelea haihitaji kila mtoto kuigusa mashine. Mwalimu achore jedwali ubaoni lenye nafasi nne: tulichobadili, namna tulivyozima, tunachotabiri, tulichokiona. Watoto wagawanywe katika vikundi, na kila kikundi kiandike utabiri wake, pamoja na sababu, kabla mashine haijazimwa. Sharti hili la kuandika kabla ndilo uti wa mgongo wa somo. Mtoto asiyetabiri hutazama tu, na kila matokeo kwake huwa sawa. Kisha mashine izimwe, na muda wa kungoja utumike kusikiliza sababu za vikundi. Mwalimu asiseme nani amekosea. Mashine itasema yenyewe ikiwaka.

Sharti la pili ni kubadili jambo moja tu kwa kila jaribio. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa walimu. Mtu mzima aliyechoshwa na mashine hubadili betri, huunda akaunti mpya na kufuta programu tatu kwa mara moja. Mashine ikipona, hajui ni lipi lililoiponya, na siku itakapougua tena ataanza upya na yote matano. Kupiga windo ni namna hiyo hiyo ya kutibu. Hatukatai kwamba wakati mwingine hufaa, lakini twakataa liwe jambo la kwanza, kwa sababu hufuta ugonjwa na ushahidi kwa pamoja, na pengine hufuta alama za watoto.

Pamoja na mashine liwepo daftari, lililofungwa kwa kamba mezani, ambamo kila kasoro na kila jaribio huandikwa kwa tarehe. Anayehamishwa aliache hapo. Katika shule tuliyoitaja, ukurasa wa kwanza wa daftari unaonyesha majaribio yale matatu, siku betri mpya ilipowekwa, na siku usajili wa watahiniwa ulipokamilika, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya kufungwa.

Katika maabara yetu wenyewe iko mashine ambayo hivi sasa inasahau kitu kimoja tu: kiwango cha sauti, ambacho hurudi juu kabisa kila iwashwapo. Tarehe inakaa, na faili linakaa. Katika akaunti mpya sauti inakaa pia; katika akaunti ya zamani haikai hata kwa amri ya kuanzisha upya. Kwa hiyo wanachuo wa mwaka wa pili wamekata shauri kwamba ipo programu katika akaunti hiyo inayoipandisha sauti mara mashine iwakapo. Programu zinazojiwasha zilikuwa tisa. Wamekwisha kuzizuia sita, moja kwa siku, na zimebaki tatu.